Upasuaji wa Saratani ya Mfuko wa Uzazi Kitui na Makueni: Njia Ipi Inalipa?

Saratani ya mfuko wa uzazi huanzia kwenye utando wa ndani wa mfuko huo, ule unaobomoka kila mwezi wakati wa hedhi. Ni ugonjwa tofauti na saratani ya mlango wa kizazi, ingawa majina hayo mawili huchanganywa mara nyingi hata kwenye daftari za hospitali. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vya HPV na huwapata hata wanawake wa miaka 30 na 40. Ile ya mfuko wa uzazi huhusiana zaidi na homoni ya estrojeni inayofanya kazi muda mrefu bila kuzuiwa na projesteroni. Ndiyo sababu huwapata hasa wanawake waliokoma hedhi, wenye mwili mnene, wenye kisukari, na wale ambao hawakuzaa. Tofauti hii ina uzito katika hesabu yote inayofuata, kwa sababu upasuaji unaofaa kwa moja unaweza kuwa na hatari kwa nyingine.

Mwaka 2022 wanawake wapatao 420,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya mfuko wa uzazi, na karibu 98,000 walikufa kwayo. Nchini Kenya ugonjwa huu bado umefunikwa na kivuli cha saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kwa makadirio ya mwaka huohuo iliwapata wanawake zaidi ya 5,800 na kuua zaidi ya 3,500. Lakini hali inabadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2014 uliwakuta asilimia 33 ya wanawake wa umri wa kuzaa wakiwa na uzito kupita kiasi. Ule wa 2022 uliwakuta asilimia 45. Wanawake hao wanaelekea umri ambao saratani hii huanza kujitokeza, na kaunti ambazo leo huona wagonjwa wachache zitaona wengi zaidi katika miaka 20 ijayo.

Tiba ya msingi ni kuuondoa mfuko wa uzazi mzima pamoja na mirija na ovari. Ugonjwa ukiwa bado haujatoka nje ya mfuko, wanawake wengi hupona kwa upasuaji huo peke yake. Kazi hii inaweza kufanywa kwa njia kuu mbili. Njia ya zamani ni kupasua tumbo: daktari hukata ukuta wa tumbo kwa mkato mrefu, huona kwa macho yake na kushika kwa mikono yake. Njia ya pili ni laparoskopia, yaani upasuaji wa matundu madogo: tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksaidi ili kupata nafasi, kamera nyembamba huingizwa kupitia kitovuni, vyombo vingine hupitishwa katika matundu mawili au matatu yasiyozidi sentimita moja hivi, na daktari hufanya kazi akitazama skrini. Mfuko ukishakatwa kutoka kwenye mishipa na kano zake, hutolewa mzima kupitia ukeni. Kuukatakata vipande ndani ya tumbo hakuruhusiwi kabisa penye saratani, kwa sababu chembe za ugonjwa zinaweza kusambaa.

Kabla ya kuuliza njia ipi ni nafuu, ni lazima kuuliza kama zote mbili zinaponya sawa, maana njia rahisi inayorudisha saratani haina unafuu wowote. Kwa bahati nzuri swali hili limejibiwa vizuri kuliko mengi katika upasuaji. Jaribio kubwa zaidi, liitwalo LAP2, lilifanywa Marekani kwa wanawake 2,616 walioandikishwa kati ya 1996 na 2005, na kugawanywa kwa bahati nasibu baina ya njia hizo mbili. Baada ya miaka 5, asilimia 89.8 walikuwa hai katika kila kundi. Jaribio la LACE, lililofanyika Australia, New Zealand na Hong Kong kwa wanawake 760, lilitoa jibu hilohilo mwaka 2017: baada ya miaka 4 na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 81.3 kwa waliopasuliwa tumbo na 81.6 kwa wa laparoskopia. Kwa upande wa kuponya saratani, basi, hakuna njia iliyoishinda nyingine.

Matokeo hayo hayahamishwi kwenye saratani ya mlango wa kizazi, na hapa ndipo kuchanganya majina kunapoweza kuua. Jaribio la LACC, lililochapishwa mwaka 2018, liliwalinganisha wanawake 631 wenye saratani ya mlango wa kizazi katika hatua za mwanzo. Waliofanyiwa upasuaji wa matundu madogo walikuwa na matokeo mabaya zaidi: asilimia 86 ndio waliobaki bila ugonjwa baada ya miaka 4 na nusu, wakati waliopasuliwa tumbo walikuwa asilimia 96.5. Hospitali ya Kitui, au ya Wote, mji mkuu wa Makueni, inayoanza laparoskopia kwa wagonjwa wa saratani lazima iwe na uhakika wa mahali ugonjwa ulikoanzia, na katika eneo ambako saratani ya mlango wa kizazi ndiyo ya kawaida, uhakika huo haupatikani kwa kukisia.

Tofauti halisi kati ya njia hizi iko katika yale yanayompata mgonjwa wiki chache baada ya upasuaji. Katika LAP2, upasuaji wa matundu madogo ulichukua muda mrefu zaidi, dakika 204 kwa wastani wa kati dhidi ya 130. Lakini matatizo ya wastani na makubwa baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 14 ya kundi hilo, dhidi ya asilimia 21 ya waliopasuliwa tumbo. Waliokaa hospitalini zaidi ya siku 2 walikuwa asilimia 52 dhidi ya 94. LACE ilionyesha pia kwamba hali ya maisha ya wanawake wa laparoskopia ilikuwa bora kwa miezi kadhaa baada ya upasuaji. Maelezo yake si ya kutafuta mbali. Mkato mrefu kwenye tumbo lenye mafuta mengi, kwa mtu mwenye kisukari, huoza kwa urahisi. Kidonda kikifunguka mgonjwa hurudi wodini kwa wiki nzima au zaidi. Na wanawake wanaopata saratani hii ndio haohao wenye unene na kisukari.

LAP2 ilitoa pia onyo ambalo watetezi wa laparoskopia hulipita haraka. Karibu asilimia 26 ya waliopangiwa matundu madogo waliishia kupasuliwa tumbo, mara nyingi kwa sababu daktari hakuweza kuona vizuri. Kadiri mwili ulivyokuwa mnene ndivyo idadi ilivyopanda, hadi zaidi ya nusu ya wale wanene kupita kiasi. Mgonjwa wa namna hiyo hulipiwa mara mbili: vyombo vya laparoskopia vimekwisha kutumika, na wodi inamsubiri kwa siku zilezile za aliyepasuliwa tangu mwanzo. Utafiti wa Uholanzi katika hospitali 21 ulionyesha upande mwingine wa jambo hili. Madaktari wake walipimwa ustadi kwanza kabla ya kuruhusiwa kushiriki, na hata hivyo matatizo makubwa yalilingana: asilimia 14.6 kwa laparoskopia na 14.9 kwa upasuaji wa wazi. Ikiwa ustadi uliothibitishwa ulitoa sare, ustadi wa kubahatisha utatoa hasara.

Wachumi wa afya wa Australia na Uholanzi waliochukua takwimu za majaribio hayo walifikia hitimisho linalofanana. Gharama za chumba cha upasuaji ni kubwa zaidi kwa laparoskopia, lakini akiba inayotokana na siku chache za kulazwa na matatizo machache hufidia tofauti hiyo, na Australia iliipita. Ndiyo maana katika nchi hizo laparoskopia ni kawaida, na mwanamke asiyepewa nafasi hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini.

Kosa ni kulichukua hitimisho hilo na kulibandika Ukambani, ziliko Kitui na Makueni, bila kuangalia bei. Unafuu wa laparoskopia katika nchi tajiri unasimama juu ya jambo moja: siku ya kitanda ni ghali, kwa kuwa mishahara ya wauguzi ni mikubwa. Vyombo, kwa kulinganisha, si sehemu kubwa sana ya bili. Kenya hali ni kinyume. Kitanda ni rahisi na vyombo huagizwa kwa dola. Viwango vilivyowekwa wakati Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, vililipa shilingi 3,360 kwa siku ya kulazwa katika hospitali ya kiwango cha 4 na shilingi 3,920 kiwango cha 5. Kumruhusu mgonjwa aende nyumbani siku 2 mapema kunaokoa kati ya shilingi 6,700 na 7,900. Kifaa kimoja cha kisasa cha kufunga mishipa ya damu, cha kutumika mara moja na kutupwa, kinaweza kuimeza akiba hiyo mara kadhaa. Kwa macho ya mhasibu wa hospitali ya kaunti, laparoskopia inayoendeshwa kwa vifaa vya kutupwa ni hasara ya wazi.

Mhasibu huyo, hata hivyo, anaona ukurasa mmoja tu wa daftari. Ukurasa wa pili uko nyumbani kwa mgonjwa, na Kitui na Makueni ukurasa huo ni mrefu.

Kaunti ya Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na kwa sensa ya 2019 ilikuwa na watu 1,136,187. Makueni ni ndogo zaidi kwa eneo, na ilikuwa na watu 987,653. Mwanamke wa Tseikuru au Mutha husafiri saa nyingi kufika mjini Kitui, kisha aendelee Nairobi ikiwa huduma haipo. Barabara ya lami ya Kibwezi, Mutomo na Kitui imepunguza adha kwa watu wa kusini, na wa Kibwezi, Emali na Mtito Andei wana barabara kuu ya Mombasa pamoja na reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Lakini kutoka nyumbani hadi kwenye lami bado ni boda boda juu ya mchanga na mawe, na mwanamke aliyeshonwa tumbo wiki iliyopita hawezi kuupanda usafiri huo bila kuumia. Kila siku anayokaa wodini, au kwa jamaa Nairobi akisubiri kliniki, kuna mtu wa kumuuguza ambaye naye ameacha kazi, na nauli na chakula vinavyolipwa taslimu na ukoo.

Kisha kuna maji. Katika sehemu kubwa ya kaunti hizi mbili maji huchotwa kwenye mabwawa ya mchanga, visima vya mitoni na vioski, na kubebwa kwa mitungi ya lita 20, kwa punda penye punda na kwa mgongo pasipo naye. Aliyepasuliwa tumbo hukatazwa kuinua mzigo mzito kwa wiki 6 hivi. Wa matundu madogo hurudia kazi nyepesi mapema zaidi, mara nyingi ndani ya wiki 2 au 3. Tofauti hii ni ndogo kwa karani wa Nairobi. Kwa mkulima wa ndengu wa Kitui inaweza kuwa msimu mzima, kwa sababu mvua za kutegemewa Ukambani ni za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na asiyepanda zinapoanza huenda asivune kitu. Upasuaji wa wazi mwishoni mwa Septemba unamtoa mwanamke shambani katika wiki ambazo shamba linamhitaji kuliko wakati wowote mwingine. Wengi wa wagonjwa hawa ni akina nyanya wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wako mijini; mikono yao ikisimama, nyumba nzima inasimama.

Tathmini yoyote ya gharama inayoacha mambo haya nje imehesabu fedha za hospitali na kuyaita hayo uchumi. Ukijumlisha kurasa zote mbili, laparoskopia inarudi kuwa na manufaa hata kwa bei za Kenya, lakini manufaa yenyewe yanamwendea mtu mmoja na gharama zinabebwa na mwingine. Familia inaokoa, kaunti inalipa. Hapa ndipo mipango mingi hukwama, kwa kuwa mwenye kalamu ya bajeti hauoni ukurasa wa nyumbani.

Jambo linaloamua kama kaunti inaweza kumudu ni idadi ya wagonjwa. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, mtambo kamili wa laparoskopia, yaani kamera, taa, skrini, kifaa cha kupuliza gesi na seti za vyombo vya chuma vinavyoweza kuchemshwa na kutumika tena, unagharimu shilingi milioni 6 na kudumu miaka 6. Hiyo ni shilingi milioni 1 kwa mwaka kabla ya matengenezo. Ukitumiwa kwa operesheni 20 kwa mwaka, kila mgonjwa amebeba shilingi 50,000 za mtambo peke yake. Ukitumiwa kwa operesheni 200, mzigo ni shilingi 5,000. Hakuna punguzo la muuzaji linaloweza kufanya kazi inayofanywa na wingi wa wagonjwa.

Na wagonjwa wa saratani hii ni wachache. Kaunti hizi mbili zina wanawake wapatao milioni 1 na ushei. Kama 4 kati ya kila 100,000 wangeugua kwa mwaka, jumla ingekuwa arubaini na kitu. Toa waliochelewa hadi ugonjwa ukasambaa, toa wasioweza kustahimili nusukaputi ya muda mrefu, toa waliokwenda Nairobi kwa hiari yao, kisha waliobaki wagawanywe kati ya mji wa Kitui na Wote. Kila hospitali inabaki na mgonjwa mmoja kwa mwezi au hata chini ya hapo. Daktari huhitaji makumi ya operesheni kabla mikono yake haijazoea kufanya kazi kupitia skrini, na akifanya moja kwa mwezi atakuwa mwanafunzi kwa miaka. Wagonjwa wake wa kwanza ndio watakaolipa karo hiyo.

Kwa hiyo mtambo hauwezi kununuliwa kwa jina la saratani ya mfuko wa uzazi pekee. Lazima ushirikishwe na kazi nyingine: mimba zilizotunga nje ya mfuko, uvimbe wa ovari, ugumba, kufunga mirija, mawe ya nyongo, vidole tumbo vilivyovimba. Hizo ndizo zinazojaza ratiba, zinazomzoesha daktari na timu yake, na zinazoshusha mzigo wa mtambo kwa kila mgonjwa. Saratani inakuja baadaye, ikimkuta daktari aliyekwisha kukomaa.

Watu wanahitajika kabla ya mashine, na Kenya imewahi kulipa fedha nyingi kujifunza hilo. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, ukilenga hospitali mbili katika kila kaunti. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, kiasi kilichopanda baadaye hadi milioni 200, na vifaa vya vyumba vya upasuaji vilikuwa sehemu ya mkataba. Seneti iliyouchunguza mpango huo ilikuta vifaa vilivyokaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Laparoskopia ina mnyororo mrefu kuliko meza ya upasuaji ya kawaida. Umeme ukikatika katikati ya upasuaji wa wazi, daktari bado ana macho na mikono. Ukikatika katikati ya laparoskopia, hana kitu mpaka jenereta iwake. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa gizani.

Kiungo dhaifu zaidi ni nusukaputi. Upasuaji wa wazi wa mfuko wa uzazi unaweza kufanywa kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, na wauguzi na maafisa wa kliniki waliofunzwa kazi hiyo huifanya vizuri kila siku katika hospitali za kaunti. Laparoskopia ya saratani kwa kawaida hudai mgonjwa alazwe usingizi kamili, apumuliwe kwa mashine, kichwa kikiwa kimeinamishwa chini na tumbo limejaa gesi kwa saa 2 au 3. Kwa mwanamke mnene mwenye presha hiyo ni kazi ya mtaalamu aliyebobea, na baada yake kitanda cha wagonjwa mahututi kiwe tayari. Kaunti inayonunua kamera kabla ya kumwajiri mtaalamu huyo imeanzia mwisho.

Madaktari bingwa wa saratani za uzazi pia ni wachache, ingawa hapa kuna hatua za kutia moyo. Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Toronto, kimekuwa kikiwafunza mabingwa hao humuhumu nchini, na Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina mafunzo yake. Daktari aliyefunzwa Eldoret amejifunza kwa wagonjwa na vifaa vinavyofanana na vya Wote. Habari nyingine njema ni kwamba si kila mgonjwa anamhitaji bingwa. Jaribio la Italia lililochapishwa 2008 na lile la ASTEC la 2009, lililoongozwa kutoka Uingereza na kuhusisha wanawake 1,408, yalionyesha kwamba kuondoa tezi za nyonga kwa wagonjwa wa hatua ya mwanzo hakukuongeza maisha. Mgonjwa mwenye saratani ya daraja la chini, yaani isiyo kali, iliyobaki ndani ya mfuko anaweza kutibiwa na daktari mzuri wa magonjwa ya wanawake wa kaunti. Mwenye saratani kali au iliyosambaa apelekwe kwa bingwa bila kupotezewa muda.

Kati ya kupasua tumbo na laparoskopia kuna njia ya tatu ambayo mjadala huu huisahau, na kuisahau ni hasara kubwa kwa hospitali zenye kipato kidogo. Mfuko wa uzazi unaweza kutolewa kupitia ukeni bila mkato wowote wa tumbo, kwa vyombo vya kawaida na ganzi ya mgongoni. Hakuna kamera, hakuna gesi, na mgonjwa hupona karibu kwa kasi ya laparoskopia. Udhaifu wake ni kwamba daktari hawezi kulikagua tumbo lote, na ovari wakati mwingine ni vigumu kuzifikia. Kwa bibi wa miaka 70 mwenye moyo dhaifu na saratani ya daraja la chini, udhaifu huo unakubalika. Ustadi huu umepungua duniani kwa sababu vijana wanafundishwa kamera. Kenya ingefanya vyema kuulinda. Kuna pia laparoskopia isiyotumia gesi, ambapo ukuta wa tumbo huinuliwa kwa chombo cha chuma na ganzi ya mgongoni hutosha. Madaktari wa vijijini India wameiendeleza, na inafaa kuangaliwa kwa makini.

Roboti haifai kuchukua nafasi ndefu katika mjadala wa Kitui. Utafiti wa Marekani wa 2012 ulikuta upasuaji wa roboti kwa saratani hii ukigharimu dola 10,618 dhidi ya dola 8,996 za laparoskopia ya kawaida, bila tofauti kubwa ya matatizo.

Fedha nyingi zaidi hupotea kabla mgonjwa hajafika mezani. Saratani hii ina dalili ya mapema isiyo na mfano: damu kutoka ukeni baada ya hedhi kukoma. Ndiyo sababu kwingineko hugunduliwa ikiwa bado ndani ya mfuko. Ukambani damu hiyo huchukuliwa kuwa hedhi iliyorudi, au huonewa haya mpaka iwe nyingi. Kipimo kinachohitajika ni mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa kupitia mlango wa kizazi na kuvuta kipande cha utando. Huchukua dakika chache kliniki, bila usingizi. Kipande kisha hupelekwa kwa mwanapatholojia, na hapo ndipo majibu huweza kuchelewa, kwa kuwa wataalamu hao wengi wako Nairobi. Mwanamke anayesubiri majibu wakati ugonjwa unatoka nje ya mfuko ameshapoteza faida ambayo hakuna aina ya mkato itakayomrudishia, na familia yake inaingia katika mionzi na dawa ambazo gharama yake huufanya upasuaji wa aina yoyote uonekane mdogo. Kuna pia kosa linalotokea kimya kimya: mfuko hutolewa kwa kudhaniwa una uvimbe wa kawaida, bila kipimo, na saratani hugunduliwa baadaye au haigunduliwi kabisa kwa sababu nyama haikupelekwa maabara.

Kaunti hizi mbili zina historia ya kujaribu kulipia tiba kwa njia zao. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilizindua MakueniCare mwaka 2016, ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilikuwa na mpango wake wa shilingi 1,000 kwa kaya. Ngilu huyohuyo, akiwa Waziri wa Afya, ndiye aliyeusukuma mswada wa bima ya afya kwa wote wa 2004 ambao Rais Kibaki hakuutia saini. Bima ya sasa, iliyoundwa kwa sheria ya 2023, ilianza ikiwa na kikomo cha shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka kwa wagonjwa wa saratani: 400,000 kutoka mfuko wa bima na 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura. Kikomo kinageuza maana ya unafuu. Kila shilingi inayoliwa na kidonda kilichooza, au na kifaa cha kutupwa kisicho cha lazima, ni shilingi isiyokuwepo wakati wa mionzi, na pengo hujazwa kwa mchango wa ukoo au kwa kuuza ng'ombe.

Namna bima inavyolipa inaweza kuipendelea au kuiua laparoskopia. Ikilipa kwa kila siku ya kulazwa, hospitali inapoteza mapato kwa kumruhusu mgonjwa mapema. Ikilipa kima kimoja kwa upasuaji wote, hospitali inayowaponya haraka hubaki na faida, mradi tu kima hicho kimezingatia gharama ya vyombo. Chini ya bima hii kuna jopo la kushauri kuhusu huduma na bei zake, na hapo ndipo mahali pa kupeleka hesabu hii, ikiwa na kurasa zake zote mbili.

Kwa hali ilivyo, jibu kwa Kitui na Makueni linaweza kutamkwa bila kusitasita. Laparoskopia ndiyo njia bora kwa saratani ya mfuko wa uzazi ya hatua ya mwanzo, na ina thamani ya fedha zake pale inapofanywa na timu moja yenye wagonjwa wengi, kwa vyombo vya kutumika tena. Timu hiyo haiwezi kuishi katika kila hospitali. Kitui, Makueni na Machakos tayari zimeungana katika jumuiya ya kiuchumi ya kusini mashariki, na kituo kimoja cha pamoja, kinacholipwa na kaunti zote na kupokea wagonjwa wa kaunti zote, kingekuwa na idadi ambayo hakuna kaunti moja inaweza kuipata. Kabla ya hapo, fedha za kwanza ziende kwenye mirija ya kuchukulia vipande, mwanapatholojia, na mtaalamu wa nusukaputi. Na mwanamke mwenye saratani ya daraja la chini asisubiri kamera kwa miezi: apasuliwe tumbo au atolewe mfuko kupitia ukeni na daktari anayeijua kazi hiyo, mapema, karibu na kwao. Mtambo mmoja Kitui na mwingine Wote, kila mmoja ukifanya operesheni moja kwa mwezi, usinunuliwe.